Ufa Kando ya Skrubu

Makina, Kibera
Jumapili, 12 Januari 2025

Kwa Shangazi yangu Hayat,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima na kwamba jua hili la Januari halijakukausha huko Kawangware, stendi ya 46. Sisi huku Makina tuko salama. Mama alikuwa anatembelea magongo mawili, sasa ni moja. Nyonga inapona polepole, ila bado siwezi kumwacha peke yake siku nzima. Anakusalimu, na anasema wifi yake amegeuka mgeni wa Idi, na hata Idi hatumuoni. Kaka Nasir yuko vile unavyomjua: anakusanya kodi ya vyumba alivyoacha Baba na kutoa amri.

Nimekupigia simu mara sita tangu mwaka uanze na hushiki. Halafu natumiwa meseji ya maneno mawili, "Andika barua." Basi naandika. Marion, huyu jirani yako anayeuza nguo soko la Toi, amekubali kuwa posta yetu.

Jambo lenyewe ni hili. Wiki jana aliingia hapa dukani kwangu pa kutengeneza redio mwanamuziki anaitwa Gichuru, amebeba kitu ndani ya blanketi kama mtoto. Ni mashine ya ngoma ya miaka ya themanini, sanduku la kijivu lenye vitufe, ile inapiga ngoma yenyewe bila mpigaji. Ilikuwa ya bendi ya hoteli moja iliyofungwa. Akaniambia, "Suad, mafundi wawili wa tao, huko mjini, wameshindwa na hii kitu. Mmoja amesema bodi imekufa niitupe. Wewe unasemaje?" Nikasema nitaitengeneza. Sijui nani alinisukuma kusema hivyo.

Ugonjwa wake: ukiwasha, inapiga vizuri. Baada ya dakika kumi ngoma kubwa inapotea, inarudi, inapotea tena. Ukibonyeza kona ya kushoto kwa kidole, inarudi. Ndani kuna bodi mbili, ya chini na ya juu, zimeunganishwa kwa waya bapa wenye nyuzi ishirini, na waya huo unaingia kwenye soketi iliyo karibu na kona hiyo hiyo.

Wewe ndiye ulinifunza kushika chuma cha solda, kile cha kulehemu waya, nikiwa darasa la sita, na ulikaa kiwandani miaka kumi na minane ukiunganisha redio. Nianzie wapi?

Mwana wa kaka yako,
Suad


Kawangware 46
Jumapili, 19 Januari 2025

Suad binti Shafi,

Waaleikum salaam. Barua imenifikia, nimeisoma mara mbili kwa sababu hati yako bado ni ya kuku aliyefukuzwa. Mwambie mamako wifi yake hajakufa. Apunguze chumvi, aongeze kutembea. Huku ni vumbi tu, na maji yanakuja Jumanne na Ijumaa.

Simu yangu spika imekufa. Tuendelee na barua. Ungekuja mwenyewe lakini nyumba inapakwa rangi, huwezi kupata pa kukaa.

Sasa sikiliza. Kitu kinachopotea kikipata joto na kurudi kikibonyezwa hakijafa. Mahali fulani shaba imeachana na shaba, na joto linapanua ule mwanya. Hao waliosema bodi imekufa walikuwa na njaa ya chakula cha mchana.

Usiwashe chuma kwanza. Chukua lenzi, keti penye mwanga wa dirisha, uinamishe bodi huku na huku. Tazama kila mguu wa hiyo soketi mahali umeshikwa na solda. Ukiona kiduara chembamba cheusi kuzunguka mguu, kama pete, hapo solda imepasuka. Mimi naamini ni hapo, kwa sababu waya bapa umechomolewa na kuchomekwa miaka arobaini. Futa solda kuukuu ya mguu huo peke yake, weka mpya, hesabu moja, mbili, ondoa chuma. Soketi yenyewe usiitoe. Nasema tena, usiitoe.

Uniandikie matokeo.

Shangazi yako,
Hayat


Makina
Jumapili, 2 Februari 2025

Shangazi,

Salaam nyingi. Utanisamehe kwa kuchelewa. Mama alikuwa na homa kidogo, imeisha. Anasema chumvi ameshapunguza, jambo ambalo si kweli.

Nimepiga solda upya miguu yote ishirini. Inang'aa kama vijiko vipya. Lakini sasa ngoma kubwa haitoki, wala ndogo haitoki. Nimekutumia sauti kwa WhatsApp ili usikie vile inafanya, labda utaisikiliza kwa simu ya Marion kama yako ni mbovu.

Nasir alipita. Alisimama mlangoni akaniangalia nikiwa nimeinama. Akasema, "Hiki chumba kuna mtu anakitaka afungue duka la simu. Wewe umekaa na kifaa kimoja mwezi mzima. Nakupa mpaka Idi." Nilimwambia Baba alinipa chumba hiki kwa mdomo wake. Akasema mdomo hauwekwi kwenye faili.

Gichuru anapiga simu kila Ijumaa. Namwambia inaendelea.

Suad


Kawangware 46
Jumapili, 9 Februari 2025

Suad,

Salaam kwako na kwa mamako, Mungu amzidishie nguvu. Sauti uliyotuma nimeisikia, ni vile vile ulivyoeleza.

Nimeziweka barua zako mbili mezani sambamba. Ya kwanza inasema ngoma kubwa inapotea na kurudi. Ya pili inasema haitoki kabisa, na ndogo imeifuata. Kuna jambo limetokea katikati ya hizo barua mbili na hukuliandika. Solda mpya haiui kitu kilichokuwa kinapumua. Kinachoua ni mkono.

Nitakueleza jambo ambalo hata babako hakulijua. Mwaka wa themanini na saba kiwandani niliunguza bodi. Niliiacha chini ya chuma nikizungumza na mwenzangu, na njia za shaba zikainuka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Niliificha kati ya bodi za meza ya jirani. Jirani yangu alikuwa msichana wa Machakos anaitwa Mumbua. Aliitwa ofisini saa nne asubuhi na hakurudi mezani tena. Mimi nilikaa miaka mingine kumi na moja, nikapandishwa cheo mara mbili. Mumbua sijamwona tena. Nilimtafuta baadaye, nikaambiwa alirudi kwao, na huko kwao sikufika.

Kwa hiyo sikuulizi ili nikugombeze. Nakuuliza ili usikae na hilo jambo miaka yote niliyokaa nalo mimi. Ulifanya nini?

Usije wiki hii. Wanajenga choo cha ploti, pa kupita hakuna.

Hayat


Makina
Jumapili, 16 Februari 2025

Shangazi mpendwa,

Niliitoa.

Uliniambia nisiitoe, nikaona nitafanya kazi safi zaidi nikiweka soketi mpya. Chuma kilikuwa na moto mwingi, ilikataa upande mmoja, nikaivuta kwa koleo. Ilitoka na vipete vidogo vya shaba vimeshikilia miguu yake. Niliviona. Nikavifagia mezani nikaweka soketi mpya, nikapiga solda nzuri sana juu ya kosa langu, nikakuandikia kuhusu vijiko. Gichuru sijamwambia. Nikimwona Nasir mlangoni naifunika mashine kwa kitambaa.

Asante kwa kuniambia habari ya Mumbua. Nimeisoma nikiwa peke yangu na barua nimeiweka mahali Mama hafiki.

Sasa na wewe nikuulize, na usikasirike. Ile sauti niliyokutumia haikuwa ya mashine. Nilibonyeza faili isiyo yake na nimegundua jana. Ilikuwa Mama anakusalimu dakika nne nzima, anamtaja Baba, anaanza kulia, anakuomba uje. Mtu aliyesikia hiyo sauti hawezi kuandika kwamba ni vile vile nilivyoeleza.

Nimemuuliza Marion. Anasema akikuletea barua anabisha mlango mpaka mkono unachoka, halafu anazunguka dirishani anakupungia, ndipo unafungua. Nimemuuliza pia kuhusu rangi na choo. Amesema ukuta wenu ni ule ule na choo ni kile kile.

Tangu lini, Shangazi?

Suad wako


Makina
Jumapili, 9 Machi 2025

Shangazi,

Ramadhani karim. Ni wiki tatu hujaandika. Marion anasema barua ulipokea kwa mkono wako. Kama nimekukosea, nisamehe, huu ni mwezi wake. Mama anafunga, hataki kusikia la daktari.

Gichuru nimemwambia ukweli. Nilimfungulia mashine nikamwonyesha. Akasema, "Wale wengine waliniambia imekufa wakanirudishia na skrubu zimepungua. Wewe umeniambia umeiumiza. Baki nayo mpaka Idi, baada ya hapo naichukua vile ilivyo." Nilitaka kulia lakini nilikuwa na mteja wa redio.

Nasir ameleta mtu akapima upana wa mlango kwa futi.

Sitauliza tena lile jambo. Nijibu tu kwamba uko mzima.

Suad


Kawangware 46
Ijumaa, 14 Machi 2025

Mwanangu Suad,

Ramadhani njema. Niko mzima.

Ni miaka miwili. Ilianza na mluzi ndani ya sikio la kulia, nikadhani ni mdudu. Halafu watu wakaanza kunong'ona, dunia yote ikawa inanong'ona, nikawa nakasirika nikidhani wananisengenya. Mwaka jana pale stendi ya 56 mkokoteni wa mawe ulikuja nyuma yangu, mwenye nao akipiga kelele, mimi nikiendelea kuchagua nyanya. Mama muuzaji alinivuta kwa kanga. Tangu siku hiyo sikufika kwenu, kwa sababu najua mngenipigia kelele za huruma na kunijibia maswali yangu. Nilikuwa fundi. Sikutaka kuwa mgonjwa wa mtu.

Ujumbe wa mamako nimempa Marion anisikilizie aniandikie kwenye karatasi. Umechukua kurasa tatu. Nitamjibu yeye mwenyewe.

Sasa bodi. Bodi ya namna hiyo ina njia za shaba pande zote mbili, juu na chini. Kila tundu limevikwa shaba ndani kama koo, na koo hilo ndilo linaunganisha juu na chini. Vile vipete ulivyofagia ni makoo. Solda yako inang'aa upande wa chini, na juu haijashika kitu.

Toa hiyo soketi mpya kwa subira, mguu mmoja mmoja. Kutoka kila tundu fuata njia yake ya juu mpaka mguu wa chipu inakokwenda, upime kwa mita. Wewe utasikiza kama inalia, maana ikilia njia ni nzima; mimi ningetazama namba. Palipokatika, kwangua rangi ya kijani mpaka shaba ing'ae, ipake solda kidogo, ulaze uzi mmoja wa waya mwembamba kutoka hapo mpaka kwenye mguu wa soketi. Uzi mmoja, si fundo. Nimekuchorea nyuma ya karatasi hii.

Ulichokosea kinatengenezeka. Hilo ndilo nilitaka kukuandikia tangu wiki tatu zilizopita, lakini ilibidi kwanza niandike lile la juu, na lilikuwa gumu.

Shangazi yako,
Hayat


Makina
Jumatatu, 24 Machi 2025

Shangazi, salaam na heri tele.

Mama ameisoma barua yako. Amelia, kisha amecheka, kisha akatuma mtu akanunue unga wa kupika mkate wa gurusa. Anasema hatakupigia kelele, atakuandikia, na uvumilie hati yake.

Sasa keti chini.

Makoo yaliyotoka yalikuwa manne kati ya ishirini. Nilifuata mchoro wako. Siku ya kwanza nilitengeneza mawili, siku ya pili mawili. Nikarudisha soketi, nikafunga, nikawasha jana baada ya adhuhuri. Ngoma kubwa ikatoka, na ndogo. Nikakaa kwenye stuli nikaanza kuangalia saa. Dakika tano, dakika nane. Dakika ya kumi na moja ngoma kubwa ikapotea.

Shangazi, nilikaa nikaangalia hicho kitu bila kuwaza chochote. Kosa langu nilikuwa nimelitengeneza, lakini ule ugonjwa wa kwanza, ule uliomleta Gichuru, ulikuwa bado pale pale. Maana yake soketi haikuwa na hatia tangu mwanzo. Wewe ulisema unaamini ni soketi, mimi nikaamini kwa sababu umesema wewe. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kwa nini kona ndiyo inabonyezwa.

Nikatoa bodi, nikaisimamisha dirishani mwanga upite nyuma yake, zile njia zikaonekana kama mito kwenye ramani. Pale konani kuna tundu la skrubu. Skrubu ilikuwa imekazwa na mtu mwenye nguvu kuliko akili, mpaka bodi imejikunja kidogo. Na njia moja inayopita kando ya skrubu hiyo ilikuwa na mstari mwembamba kuliko unywele wa mtoto, umekatiza shaba. Bila lenzi huuoni. Nikapima: inalia. Nikaipuliza joto kwa ile mashine ya kukaushia nywele ya Becky wa saluni hapa jirani: kimya. Ikapoa: inalia tena. Nikasema Alhamdulillahi kwa sauti, mteja wa chaja akadhani namwambia yeye.

Nikakwangua, nikalaza uzi mmoja juu ya ufa, moja, mbili, nikaondoa chuma. Skrubu nikairudisha na kipande cha mpira chini yake, na sikuikaza kwa hasira.

Nikawasha ilipokuwa saa tisa. Dakika kumi na moja zikapita. Nusu saa. Nikaigonga meza, nikabonyeza kona, nikaiinua nikaitikisa. Ikapiga. Saa kumi Becky akaja na wateja wake wawili, mmoja na nywele nusu, wakaanza kucheza mlangoni na mimi nimefunga sina nguvu hata ya kuwaambia waache. Wakaja wamama wa Lindi, hapa hapa Kibera, waliokuwa wanaenda sokoni. Mmoja akasikiliza, akasema mdundo huo ukiukimbiza kidogo ni doluka, ile ngoma ya arusi zetu Wanubi. Nikageuza kile kitufe cha mwendo. Wewe unajua kilichofuata. Wale wamama waliweka vikapu chini, wakapiga makofi mpaka njia ikajaa.

Nasir alikuja akitoka msikitini alasiri, amekunja uso kwa sababu ya umati. Akauliza, "Ni nani amekufa?" Becky akamwambia, "Hakuna aliyekufa, mtu amefufuliwa." Akaingia, akakaa kwenye benchi la wateja, akasikiliza. Alikaa saa mbili nzima, Shangazi. Ilipokaribia magharibi akainuka akauliza, "Hii ndiyo ile mafundi wa tao walisema itupwe?" Nikasema ndiyo. Akatoa simu, akapiga mbele yangu, akasema, "Ndugu, kile chumba cha Makina hakipo. Kina mtu." Hakuomba msamaha na sikumngoja aombe. Tulienda kufuturu pamoja.

Ilipiga mpaka adhana. Niliizima mimi mwenyewe, haikuzimika.

Fundi,
Suad


Kawangware 46
Jumapili, 30 Machi 2025

Fundi Suad,

Idi ni kesho au kesho kutwa, wataangalia mwezi. Heri kwenu nyote.

Nilikosea. Miaka kumi na minane ya kiwandani ilinionyesha soketi mbovu nyingi kiasi kwamba nikaacha kuona kitu kingine. Ulipata ufa ambao mimi niliupita nikiwa nimeketi kilomita chache kutoka hapo na barua yako mkononi, na uliuandika wazi tangu barua ya kwanza: kona. Nimefurahi kukosea. Nimefurahi mpaka nimemwambia Marion, mama wa maji, na kinyozi wa chini, na kila mmoja nilimwambia kwanza, "Mimi sisikii, kwa hiyo nisikilize tu." Ilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani.

Idi nitakuja. Mnikalishe mahali naona midomo yenu.

Hayat


Makina
Jumapili, 20 Aprili 2025

Shangazi,

Salaam. Tangu uje Idi Mama anatembea bila gongo, anakuiga mwendo wako akidhani hatumwoni.

Gichuru amewaambia wenzake. Nimeletewa mashine tatu: moja vitufe vimekufa, moja inaunguruma, moja imeingia maji ya mvua na bodi imeota kutu ya kijani. Peke yangu siwezi. Nataka tufanye kazi pamoja hapa dukani. Usinijibu haraka.

Gichuru anapiga kwenye ukumbi wa jamii huko kwenu Kawangware, Jumamosi tarehe kumi Mei, mchana. Anataka fundi awepo kama kitu kitaleta shida. Njoo.

Suad


Kawangware 46
Jumapili, 11 Mei 2025

Mwanangu,

Naandika asubuhi hii kwa sababu jana ulikuwa nyuma ya jukwaa na waya shingoni, na mimi niliondoka kabla hujashuka, miguu ilikuwa imechoka. Mamako na Nasir natumai walifika salama.

Hukuona nilipokuwa, nikueleze. Nilisimama mbele kabisa, kushoto, kando ya lile spika refu. Kijana wa mlango alinifanyia ishara kwamba kuna kelele nyingi hapo, nihame. Nikamwambia, "Baba, mimi ndiyo nafaa kukaa hapa." Nikaweka kiganja juu ya mbao.

Ngoma kubwa ilikuja kwanza. Ilipanda kwa mkono, ikapita begani, ikakaa kifuani. Halafu ile ndogo, fupi, kwenye ncha za vidole. Nilihesabu kama tulivyokuwa tukihesabu bodi kwenye mkanda wa kiwandani. Nilingoja dakika ya kumi na moja, nikakumbuka nisingoje, nikaacha kuhesabu. Ukumbi wote ulikuwa unaruka. Wazee wa 46, vijana wa 56, wamama na watoto mgongoni, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anasikia zaidi yangu.

Kisha Gichuru alishika kipaza sauti akasema kitu, watu wakageuka kutazama nyuma ya jukwaa. Sikujua amesema nini. Dada mmoja kando yangu aliandika kwenye simu yake akanionyesha: "Anasema imetengenezwa na fundi Suad wa Makina, tumpigie makofi." Nikaona mikono mia tatu ikiinuka. Nikakuona ukitoka, umeshika chuma cha solda kama mtu aliyekamatwa jikoni. Babako angekuwa hapo angesimama juu ya kiti. Nilisimama juu ya kiti kwa niaba yake, na yule kijana wa mlango akaja tena kunishusha.

Nimefikiria ulichoomba. Hiyo ya kutu usiiguse kwa maji wala kwa brashi, nitaiosha mimi. Ya kuunguruma ni yako, inataka masikio. Ya vitufe tutagawana. Nakuja Jumatatu saa mbili asubuhi.

Meza yangu iangalie mlango, nione wateja wakiingia.

Hayat